Yananitosha, Fundi

Watu wa Ng'ambo walikuwa na mzaha wao kuhusu Fundi Makungu: ukienda kumwagizia kitu, kwanza kula ushibe, tena uache mtu wa kukutazamia watoto. Si kwamba kila kazi aliifanya hivyo. Mpini wa jembe alikuwa akikupa papo hapo, neno moja tu akikuuliza, basi. Lakini uende na haja ya kitu kitakachogusa mwili wa mtu, kitanda cha mgonjwa tuseme, au kiti cha bibi asiyeweza tena kunyanyuka, hapo ndipo utakapomjua. Atavaa makubadhi yake, atafuatana nawe mpaka nyumbani, atakaa ukumbini kimya kama mkwe aliyekuja kuposa, akitazama. Na mwenye kiti akisema "kitanitosha", Makungu atakunja uso kama aliyekanyaga mwiba. Neno hilo hakulipenda. Wengine walisema ni maringo ya ufundi, wengine wakasema ni umri. Maringo hayakuwa, na umri wenyewe alikuwa hana. Ilikuwa ni hatia, na hatia hiyo ilikuwa na jina la mtu: Sichana, wa Jambiani.

Ufundi Makungu aliupatia Mjini, Mkunazini, kwa Mzee Muhiddin, mchonga milango. Mzee huyo alikuwa na ada iliyomkera sana mwanafunzi wake. Akiagizwa mlango hashiki kamba ya kupimia mpaka kwanza ameshakwenda kukaa barazani kwa mwenye nyumba. Anakunywa kahawa ya watu, anatazama nani anaingia na nani anatoka: mchukuzi na mzigo wake kichwani, bibi mzito wa mwili anayepita kwa ubavu. Na siku ya siku, alikuwa akisema, jeneza nalo lazima lipite bila ya kuinamishwa. Lakini akija mtu kutaka mbuzi ya kukunia nazi, Mzee Muhiddin humwuliza kama mkunaji ni mrefu au mfupi, kisha anachukua randa.

Siku moja Makungu alimwuliza kwa nini asiwe na maulizo ya namna moja kwa watu wote, kazi ikenda upesi. Mzee akamjibu kuwa kila kazi ina ulizo lake. Ulizo la mlango ukimwuliza mtu wa mbuzi atakuona mwehu, na la mbuzi ukimwuliza mtu wa mlango atakuja kukulaani siku ya maziko. Makungu alicheka. Alikuwa kijana, na kijana akishajua kutia randa hudhani kazi imeisha kujulikana.

Yalipokuja Mapinduzi, milango ya nakshi ikakosa waagizaji. Wenye majumba wengi walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walikuwa na mengine ya kufikiri. Mzee Muhiddin akafunga duka, akakaa kwake. Makungu akaingia katika karakana ya ushirika upande wa Amani, wakati skuli zinafunguliwa kwa watoto wote, na watoto wote hao wanataka pa kukaa. Madawati, madawati, madawati. Mafundi walikuwa wengi, kila mmoja ana mkono wake na njia yake ya kumsikiliza mteja, na vitu vikitoka karakana moja kama vimetoka nchi saba.

Makungu ndiye aliyeileta nidhamu. Alipofanywa msimamizi, aliandika kwa chaki ukutani maulizo manne: kitu gani, urefu gani, upana gani, lini. Akaamuru kuwa kila anayekuja aulizwe hayo, na asiulizwe zaidi. Na kwa haki ya Mungu ilifaa. Madawati yalitoka sawasawa kama meno ya mwanasesere, skuli zikafurahi, wakubwa wakaja kutazama ule ukuta wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Makungu akaanza kutembea kifua mbele.

Alikwenda hata kwa mwalimu wake kujisifu. Mzee Muhiddin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dawati ukilijua moja umeyajua yote," akasema. "Je, akija mtu anayetaka kitu cha peke yake?"

"Atajibu maulizo hayo hayo, Mzee."

"Haya," akasema Mzee Muhiddin, akamwuliza kama ataongeza kahawa. Ilikuwa ile "haya" ya wazee wetu, isiyokuwa ndiyo wala siyo, na kijana mwenye kifua mbele huisikia kuwa ndiyo.

Basi mwaka wa sabini akaja karakanani mtu mmoja wa Jambiani, Mjaka, mvuvi, mpole wa maneno. Dada yake Sichana alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki mwambani, kidonda kikaoza, na hospitali hawakuwa na njia ila kumkata mguu chini ya goti ili wamwokoe roho. Sasa alikuwa amepoa, yuko kwa jamaa Mjini, anataka kurudi kwao. Mjaka alikuja na kipande cha kamba alichokipiga fundo: kutoka kwapani mwa dada yake mpaka chini. Alitaka magongo.

Sichana alikuwa mjane asiyekuwa na mtoto, akiishi kwa kamba. Wanawake wa kule huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani, bahari iyaloweshe kwa miezi. Kisha maji yakipwa huenda kuyafukua, wakayaponda kwa mti mpaka yakatoka usumba, na usumba wakausokota kwa viganja viwili. Kamba ya Sichana ilikuwa na sifa, mtu wa ngarawa akiiona huijua. Haya yote Mjaka alitaka kuyasema. Alianza vizuri kabisa. Alisema dada yake si mtu wa kukaa barazani, kwamba kila siku maji yakitoka yuko kwenye makumbi yake, na kwamba pale pwani kwao pana mawe...

"Bwana Mjaka," Makungu akamkatiza, kwa upole, hata kwa tabasamu, huku mkono wake ukionesha ukuta wa chaki. "Niambie urefu."

Mjaka akanyosha ile kamba yenye fundo. Mazungumzo yakaisha hapo. Waliotutangulia wamesema asiyekuwepo na lake halipo, na Sichana hakuwepo.

Magongo aliyatengeneza Makungu mwenyewe, kwa huruma ya kweli. Sitaki mtu adhani alikuwa na moyo mbaya. Alichagua mbao nzuri, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu, akaweka mto wa ngozi kwapani, na chini akatia vipande vya mpira wa gari visiteleze sakafuni. Siku ya kuyachukua, Sichana aliletwa amemwegemea ndugu yake. Mafundi wote waliacha kazi wakatazama. Akayatia kwapani, akaenda mpaka mlangoni juu ya ile sakafu ya saruji, akageuka, akarudi. Mtu mmoja hata alipiga makofi.

"Yanakutosha, Bi Sichana?" Makungu akamwuliza.

Sichana aliyatazama magongo, akamtazama ndugu yake ambaye uso ulikuwa umemnawiri kwa furaha, akawatazama wanaume wale waliosimama na misumeno mkononi wakimngoja aseme.

"Yananitosha, fundi," akasema. "Mwenyezi Mungu akulipe."

Makungu alilala usingizi mzito siku ile.

Msimu ulipobadilika Mjaka alirudi, lakini hakuja kuagiza kitu. Alikuja na bunda la kamba ya usumba, zawadi kutoka kwa dada yake. Makungu akaipapasa ile kamba. Ilikuwa nyembamba, ngumu, haina fundo wala unywele uliojitokeza. Akaisifu, akasema Bi Sichana apelekewe salamu, na asichoke kusokota.

Hapo Mjaka akainama. Akaeleza, bila ya lawama, kama mtu anayetoa habari za mvua, kuwa hiyo ndiyo kamba ya mwisho. Dada yake alikuwa akienda kwenye makumbi. Juu ya mchanga magongo yalikuwa yakizama, ikambidi ayavute kila hatua kama anayeng'oa muhogo, na mikono yote miwili imeshikwa, hawezi kubeba wala kujizuia. Kwenye mawe yenye mwani ule mpira ukateleza. Akaanguka juu ya mkono wa kulia. Mganga wa mifupa wa kijijini alimfunga, lakini mfupa uliungana vibaya, na sasa kiganja hakifunguki sawasawa. Lakini, Mjaka akaongeza haraka, Sichana amesisitiza aje kusema kuwa magongo hayana kosa. Magongo ni mazuri sana. Kosa ni lake yeye aliyekwenda pwani.

Makungu alimshukuru. Alimpa mkono. Mjaka alipokwisha kuondoka, alibaki amesimama na bunda lile kifuani, akikumbuka neno "mawe". Alikuwa amelisikia. Hilo ndilo lililomla: si kwamba hakuambiwa, aliambiwa, neno lilifika sikioni likamkuta yeye anaonesha ukuta. Mwanamke amepoteza mguu kwa kudura ya Mungu, na mkono kwa Makungu.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu mwingine, na wa kuchosha zaidi. Aliumwa na nyoka, basi kila ung'ongo ukawa nyoka. Aliyafuta maulizo manne ukutani, na badala yake yakaja maulizo yasiyokuwa na mwisho. Mtu wa mpini wa jembe alishikwa mpaka adhuhuri, aeleze shamba lake liko wapi, udongo wake ni wa namna gani, na kama baba yake alikuwa akiumwa na mgongo. Mama mmoja alikuja kuagiza sanduku la biarusi. Makungu akataka kumjua biarusi, bwana harusi, chumba, dirisha la chumba, na kama kuna mchwa. Alipofika kuuliza mama mkwe ni mtu wa tabia gani, yule mama alisimama, akajifunga buibui lake vizuri, akasema yeye alikuja kutaka sanduku, hakuja kwa kadhi. Akenda zake kwa fundi mwengine. Madawati nayo yakakawia, maana Makungu alikuwa akienda kila skuli kuwauliza walimu mambo ambayo walimu walikwisha kuyajibu tangu dawati la kwanza. Mafundi wakanong'ona. Wakubwa waliokuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika wakaanza kuvitikisa kwa namna nyingine.

Wala hayakumpunguzia kitu. Kila alipouliza alikuwa kama anayelipa, na kila alipomaliza deni liko pale pale. Bunda la kamba alilitundika nyumbani, juu ya mlango wa chumba, asilitumie wala asiliondoe. Kila akiingia anaona, kila akitoka anaona.

Mkewe Kazija alivumilia muda. Kisha siku moja, wakati anachambua mchele na mumewe yuko mbele yake anamwuliza kama ungo ule anaushika kwa mkono gani zaidi, akauweka chini.

"Baba Mwatima," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "unawauliza watu wote maulizo ya mtu mmoja. Nenda kamwulize mwenyewe."

Makungu akasema ana kazi nyingi karakanani. Kazija akasema anajua. Makungu akasema njia ya Jambiani ni mbovu. Kazija akasema Mjaka ameipita mara mbili. Akamaliza mchele wake, akaondoka. Mwanamme akabaki na ukweli, nao ni kwamba alikuwa anaogopa. Mtu anayekulaumu unaweza kugombana naye. Lakini anayekuletea zawadi kwa mkono uliouvunja, unamwendea kwa uso gani?

Alikwenda. Aliomba ruhusa kazini, wakampa kwa furaha isiyofichika, akafunga randa na patasi katika kikapu akapanda gari la shamba. Nyumba ya Sichana ilikuwa ya mawe na chokaa, karibu na pwani hata mchanga umeingia mpaka ukumbini. Magongo yalikuwa yameegemezwa ukutani, safi, yamefutwa vumbi. Sichana alikuwa amekaa chini juu ya jamvi, mkubwa kuliko Makungu kwa umri, mkono wa kulia ameulaza pajani kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, fundi. Karibu. Mjini hawajambo?"

Akasema hawajambo. Akapewa maji ya madafu, akanywa. Akaulizwa hali ya mkewe, ya binti yake, ya mafundi waliokuwa wamesimama siku ile. Alijibu yote, na kila jibu lilimzidishia aibu, kwa sababu huyu mwanamke alikumbuka kila uso wa karakana ile, na yeye hakuukumbuka wake sawasawa. Mwisho hakuweza tena.

"Bi Sichana, nimekuja kukutaka radhi. Ya mkono huo."

"Mkono nimeuvunja mimi na jiwe," akasema Sichana. "Wewe hukuwepo."

"Ndilo kosa lenyewe. Sikuwepo."

Sichana akasema basi na akae, maana gari la kurudi halipo leo.

Akakaa. Hakuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile bunda la kamba, Makungu hakuuliza kitu. Alilala kwa Mjaka, na maji yalipopwa alitoka akatazama, kama Mzee Muhiddin alivyokuwa akitazama barazani kwa watu. Akamwona Sichana anakwenda kwenye makumbi yake kwa namna iliyomuuma mno: anakaa mchangani, anajisukuma kwa mkono wa kushoto na mguu uliobaki, anasota, na kikapu kimefungwa kiunoni kinaburuzika nyuma yake. Hakuchukua magongo hata kidogo. Akifika kwenye shimo lake anapiga goti lile la mguu uliokatwa, anachimbua, na hapo anakuwa mtu mwengine, mwepesi, mwenye enzi. Wenzake humpondea, naye huwachambulia usumba kwa vidole vya kushoto. Makungu aliliangalia lile goti. Lilikuwa zima. Lilikuwa na nguvu. Mwaka mzima amekuwa akifikiri mguu uliokosekana, hakufikiri goti lililokuwepo.

Wakati wa kurudi alimngoja pale mchanga unapoisha, akakaa chini ili wawe sawa.

"Siku ile karakanani nilikuuliza kama yanakutosha. Ukasema yananitosha."

"Nilisema yananitosha," Sichana akakubali. "Sikusema yananifaa."

Makungu akainua uso.

"Fundi, wewe ukenda kwa watu ukatiliwa wali, ukasema umenitosha, ndo ushasema mtamu? Ndugu yangu kahangaika mpaka kayapata. Nyinyi wanaume mmesimama mnanitizama. Kimo changu yalikuwa yanakitosha, kweli. Na miye kwa kuomba watu nshatosheka. Ningesema nini?"

"Ungesema."

"Ungeuliza," akasema Sichana. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha njiani.

Makungu alihisi machozi yanamlenga, na hakuyaficha. Kisha akauliza. Si maulizo manne wala si arubaini. Aliuliza kama lile goti linauma akipiga chini. Halikuuma. Akauliza akitembea anataka mikono ifanye nini. Sichana akacheka, akasema mikono inataka kuwa mikono.

Akamfanyia goti la mti. Alichonga mfenesi akatoboa kihori cha kupiga goti ndani yake, akakitandika kwa usumba wa mwenyewe na kipande cha kanga kuukuu, na mikanda ya kufunga pajani. Chini yake mti mfupi. La kwanza lilizama mchangani, na safari hii Sichana hakusema linamtosha. Alisema linazama, tena alilisema kabla hajasimama sawasawa, na majirani wakacheka. Makungu akalirudia, akalitia wayo mpana chini. Wayo ukapiga mawe na kukwama. Sichana akamwonesha kwa kidole mahali pa kuupunguza, mbele kidogo, nyuma kidogo zaidi, na chini autie mifereji kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, ishike mwani. Makungu alifanya kama alivyoambiwa. Ilimchukua siku zote za ruhusa yake na nyengine ambazo hakupewa.

Maji yalipopwa siku ile ya mwisho Sichana alishuka pwani amesimama. Alikwenda polepole, kikapu kichwani, mikono yote miwili imelegea ubavuni haina kazi ya kushika kitu. Alipita mchanga, akapita mawe. Mjaka alikuwa amesimama penye ngarawa yake, akageuza uso kuitazama bahari, na hakuwa na jambo lolote la kutazama baharini. Makungu alifuata nyuma kwa mbali. Furaha ilimjia, siwezi kusema haikumjia, ikamjia kwa nguvu, na kwa muda mfupi alidhani ameshalipa.

Alimkuta Sichana amekaa ukingoni mwa shimo lake, amevua lile goti ameliweka kando. Mbele yake usumba uliokwisha pondwa, mweupe, mwingi. Makungu alikaribia kuuliza lile neno la zamani. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza, akauliza jengine, ambalo ndilo alilokuja kuwauliza watu wa Ng'ambo tangu siku hiyo mpaka wakamfanyia mzaha.

"Bi Sichana, kitu gani bado hukiwezi?"

Sichana hakufikiri.

"Kusokota," akasema.

Alikuwa ameunyanyua mkono wa kulia kidogo kumwonesha, vidole vimejikunja, kiganja kimejifunga kama mfuko uliovutwa kamba. Kwa hilo Makungu hakuwa na mti wala randa. Hapakuwa na kihori cha kuchonga wala wayo wa kupunguza. Alikuwa ameuliza ulizo la haki, kwa mtu wa haki, mahali pa haki, na jibu lake lilikuwa kazi isiyokuwa na fundi. Alikaa pale hatia yote imemrudia, nzima, kama siku ya kwanza alipoipapasa ile kamba.

Sichana alichukua fungu la usumba kwa mkono wake wa kushoto. Akaligawa mara mbili kwa meno na vidole. Akaliweka juu ya kiganja cha Makungu, akakishika kiganja chake cha pili akakilaza juu yake.

"Sokota," akasema.

Makungu akasokota. Mikono iliyochonga milango ya Mkunazini ilitoa kitu kinene huku na chembamba kule, kimejaa nywele na mafundo, kikifumuka upande mmoja kabla hakijaisha mwengine. Wanawake wa mashimo ya jirani waliacha kuponda wakatazama. Alipofika mwisho alikinyosha, akampa. Sichana alikivuta baina ya meno na mkono wake mzima, kikakatika.

"Haitoshi, fundi," akasema, akamtilia usumba mwengine.

Makungu akauweka kiganjani, akaanza tena.